Usiongeze Kasi, Punguza Foleni

Kila anayecheza gemu mtandaoni anaijua hali hii: unamlenga mpinzani, unafyatua, risasi zinapita kana kwamba hayupo, halafu unauawa ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba intaneti ya nyumbani ni ndogo. Anapiga simu kwa mtoa huduma, anapanda kutoka megabiti 20 hadi megabiti 100 kwa sekunde, analipa zaidi kila mwezi, na jioni ile ile anauawa tena nyuma ya ukuta. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu pesa ile ingeweza kubaki mfukoni. Msimamo wangu ni kwamba katika nyumba nyingi zenye intaneti ya kawaida, gemu inaharibiwa na ucheleweshaji, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo inazaliwa humo humo ndani, kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti kwa vifaa vyote vya nyumbani.

Gemu yenyewe inakula kidogo mno. Konsoli, yaani mashine ya kuchezea kama PlayStation, haitumi picha kwenda kwenye seva, kompyuta ya mbali inayoendesha mechi. Inatuma habari fupi: umesimama wapi, unaelekea upande gani, umebonyeza kitufe kipi. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ya baiti 100 ikitumwa mara 60 kwa sekunde ni kilobiti 48 tu kwa sekunde. Ongeza vichwa vya pakiti (habari za anwani zinazotangulia data), ongeza habari zinazorudi kutoka kwenye seva, ongeza na sauti za wenzako mnaozungumza mkiwa mchezoni, kwa gemu nyingi bado hujamaliza megabiti 1. Kasi kubwa ina faida yake wakati wa kupakua, kwa sababu gemu za siku hizi zinaweza kuzidi gigabaiti 100 na masasisho yake ni mazito. Lakini upakuaji unaweza kuuacha uendelee usiku umelala. (Gemu zinazotiririshwa nzima nzima kutoka kwenye seva, picha na vyote, ni habari nyingine, hapa nazungumzia zile zinazoendeshwa na konsoli yenyewe.)

Unachotakiwa kukitazama ni pingi, yaani muda ambao pakiti inatumia kwenda kwenye seva na kurudi. Kisha utazame jinsi pingi hiyo inavyotulia, na kama kuna pakiti zinazopotea njiani. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde inaipa kila picha milisekunde 16.7. Pingi ya milisekunde 70 isiyoyumba, gemu nyingi zinajua kuishi nayo, kwa kuwa zinakisia mwendo wa wachezaji na kuziba pengo. Pingi inayoruka kutoka 30 hadi 200 na kurudi haizibiki, maana makisio ya gemu yanakosewa kila mara. Ningeambiwa nichague, ningechukua 70 iliyotulia bila kusita.

Sasa kuyumba huko kunatoka wapi? Laini nyingi za nyumbani zina kasi ya kupakia (kutuma data nje) iliyo ndogo sana kuliko ya kupakua (kuileta ndani). Mtu mmoja anarudi jioni, simu yake inashika Wi-Fi, inawekwa kwenye chaji, na bila yeye kujua inaanza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu inazisukuma hadi kwenye ruta kwa kasi ya makumi au mamia ya megabiti, ila njia ya kutokea nje inapitisha, tuseme, megabiti 4 kwa sekunde. Zinazozidi zinawekwa kwenye bafa, sehemu ya kumbukumbu ambako pakiti zinangoja zamu. Watengenezaji wengi wa vifaa waliifanya bafa hiyo kuwa kubwa kupita kiasi, wakiamini kwamba kutoitupa pakiti hata moja ndio ubora. Matokeo yake tunayaona: bafa ya megabaiti 1 ikijaa kwenye laini ya megabiti 4 kwa sekunde, pakiti inayofika mkiani inangoja sekunde 2 kabla haijatoka nyumbani. Ile pakiti yako ndogo iliyobeba habari kwamba umefyatua imekwama pale kama pikipiki nyuma ya msafara wa malori kwenye njia nyembamba.

Ubaya zaidi ni kwamba simu ile haijui kama inaumiza mtu. TCP, itifaki inayosafirisha faili nyingi, kwa desturi hupunguza mwendo pale inapoona pakiti zinatupwa. Bafa kubwa inaificha ishara hiyo. Foleni inajaa, na simu inaendelea kusukuma kwa moyo mkunjufu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mhandisi Mmarekani Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele jambo hili kuanzia mwishoni mwa 2010, baada ya kuliona kwenye intaneti ya nyumbani kwake alipokuwa akinakili faili. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha CoDel, kanuni ya kusimamia foleni ambayo haijali pakiti ziko ngapi. Inaangalia kila pakiti imesubiri kwa muda gani, na kusubiri kukizidi milisekunde 5 na kuendelea hivyo, inatupa chache ili watumaji wapunguze mwendo. Ikafuata FQ-CoDel, inayozitenganisha shughuli mbalimbali katika foleni zake ili upakiaji wa video usiikalie gemu kichwani. Kisha ikaja CAKE, kanuni nyingine ya aina hiyo, iliyoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2018. Kwa maneno mengine, dawa ipo, imejaribiwa, haina malipo, na bado ruta nyingi zinafika majumbani bila kuwashwa kitu chochote cha namna hiyo. Hilo linanikera kuliko mambo yote ninayoyaandika hapa.

Kupima ni rahisi. Fungua Fast.com, tovuti ya kupima kasi inayoendeshwa na Netflix, bonyeza sehemu ya kuona maelezo zaidi, na utaonyeshwa ucheleweshaji wa aina mbili: laini ikiwa imepumzika na laini ikiwa imebebeshwa mzigo. Namba hizo mbili zikikaribiana, ruta yako haina kosa na utafute tatizo kwingine. Ya kwanza ikiwa 25 na ya pili ikiwa 400, umeshampata mbaya wako, na hakuna sababu ya kumpigia simu mtoa huduma kuomba kifurushi kikubwa zaidi.

Tiba yenyewe inaitwa SQM (usimamizi erevu wa foleni) kwenye ruta zinazoendeshwa na OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na kwenye ruta nyingine inajificha chini ya jina la QoS au usimamizi wa foleni. Unaiambia ruta kasi ya laini yako, lakini unaandika pungufu kidogo, kati ya asilimia 85 na 95 ya kile ulichokipima, kwa kupakua na kwa kupakia. Watu wengi wanagoma hapa: kwa nini nijinyime kasi niliyoilipia? Kwa sababu usipofanya hivyo foleni inajengeka kwenye modemu (kifaa kinachoiunganisha ruta na laini ya nje) au upande wa mtoa huduma, mahali ambapo ruta yako haina mamlaka. Ukiibana kidogo, foleni inahamia kwenye ruta, nayo inaisimamia kwa akili. Unapoteza megabiti chache ambazo hutaziona, unapata pingi ambayo haitikisiki hata nyumba nzima ikiwa inatazama video. Kwa wanaotumia intaneti ya mitandao ya simu kazi ni ngumu zaidi, maana kasi yenyewe inapanda na kushuka kutwa nzima. Hao waweke kikomo cha chini, karibu na kasi ya saa zile mbaya, na waisogeze ruta dirishani upande ulipo mnara.

Na hapa kuna jambo la haki. Katika nyumba nyingi mchezaji anapokwama anaanza kupiga kelele: zimeni simu, acheni kupakua, nani anatazama video? Mama anazungumza na ndugu yake aliye mbali, mdogo wake anasoma, wote wanaambiwa wakae kimya kwa ajili ya mechi ya dakika 20. Sioni kwa nini iwe hivyo wakati ruta iliyopangwa vizuri inaweza kuwahudumia wote kwa pamoja. Kijana anayetaka kucheza kwa amani aanze kwa kuingia kwenye mipangilio ya ruta kabla hajamgusa mtu.

Baada ya foleni, mshukiwa wa pili ni Wi-Fi. Sina neno la kubembeleza hapa: kama waya unaweza kufika kwenye konsoli, vuta waya. Kwenye Wi-Fi vifaa vinavyotumia chaneli moja huongea kwa zamu, na pakiti iliyogongana na nyingine hewani inabidi irudiwe, hivyo muda wa kufika unabadilika kila mara. Masafa ya gigahezi 2.4 yamesongamana kupindukia. Yana chaneli 3 tu zisizoingiliana, ambazo ni 1, 6 na 11, na humo humo wamo majirani, vifaa vya Bluetooth na oveni ya maikrowevu. Waya wa kawaida wa Cat 5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na ni wa bei ndogo kuliko kifaa kingine chochote utakachonunua kwa ajili ya tatizo hili.

Kama waya haufiki, tumia gigahezi 5 na uilete ruta chumba kimoja na konsoli au cha jirani yake, kwa sababu masafa hayo yanachoka haraka yanapokutana na kuta. Ujue pia kifaa chako. PlayStation 4 ya kwanza, ya mwaka 2013, inashika gigahezi 2.4 peke yake, hivyo ruta ya gharama kubwa haitaikomboa. Nintendo Switch ya mwaka 2017 haina tundu la waya kwenye kituo chake, kile kinachoiunganisha na TV, na inahitaji adapta ya USB, wakati ile yenye skrini ya OLED, ya mwaka 2021, kituo chake kina tundu hilo. Vile vifaa vya kurudisha mawimbi vinavyochomekwa ukutani, ambavyo vinapokea kwa Wi-Fi na kutuma tena kwa Wi-Fi, sivipendekezi kwa gemu. Vinaongeza kituo kingine hewani ambako pakiti inaweza kuchelewa.

Wapo ambao pingi yao ni nzuri ila hawasikii wenzao, au wanashindwa kuingia kwenye chumba cha mchezo cha rafiki. Hao wanasumbuliwa na NAT, jinsi ruta inavyogawa anwani moja kwa vifaa vingi. Washa UPnP, huduma inayoiruhusu konsoli kujiombea njia, kwenye ruta, zima konsoli kisha uiwashe, mara nyingi mambo yanakaa sawa. Yasipokaa sawa, angalia kama una ruta 2 zilizofuatana, ya mtoa huduma na yako, zote zikifanya kazi hiyo hiyo. Moja iwekwe ibaki kuwa daraja tu, ipitishe data bila kugawa anwani. Na kama anwani ya nje inayoonekana kwenye ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma anakuchanganya na wateja wengine nyuma ya anwani moja, na hapo hakuna kitufe cha nyumbani kitakachosaidia. Muombe anwani ya umma, iliyo yako peke yako, au IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti.

Kubadili DNS? Hakupunguzi pingi ndani ya mechi. DNS inatafuta anwani ya seva mwanzoni na kazi yake inaishia hapo. Ruta zenye taa na antena nane zinazouzwa kwa jina la gemu? Chunguza kwanza kama zina usimamizi wa foleni wa kweli. Zikiwa hazina, unalipia umbo.

Umbali nao hauna dawa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 5,000 inakula angalau milisekunde 50 kwenda na kurudi, hata kama nyaya zimenyooka, na kwa kawaida hazijanyooka. Gemu ikikuruhusu kuchagua eneo la seva, chagua la karibu, na uvumilie kungoja wachezaji wapatikane. Setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, zinachelewesha kwa zaidi ya nusu sekunde, na kwa gemu za mapambano hilo halitatuliki. Zile zinazozunguka chini, kwenye kilomita 550 hivi, zinachezeka.

Ninachowadai watengenezaji ni kidogo. Kipimo cha intaneti kilicho ndani ya PlayStation 5 kinakuonyesha kasi ya kupakua, ya kupakia na aina ya NAT. Mchezaji anasoma 100, anaridhika, anaingia kwenye mechi na kuumia. Kionyeshwe pia ucheleweshaji laini ikiwa na mzigo, kwa namba kubwa, juu ya zile nyingine. Na wanaouza ruta waiandike namba hiyo hiyo ubavuni mwa sanduku, badala ya kutuhesabia antena.