Mpira wa Mtaani Si Mpira wa Forodha

Nenda Kariakoo uombe "mpira", utaulizwa mpira gani. Kuna mpira wa kumwagilia, mpira wa gesi, mpira wa bomba linalovuja, mpira wa dirisha la gari, mpira wa kuchezea. Viatu vya michezo tunaviita raba hata kama soli yake haina chembe ya raba. Kiswahili kimeviita hivyo kwa sababu vyote vinanyumbuka, na mtaani hilo linatosha. Tabu inaanza jina hilohilo linapopanda kwenye ankara, likaingia kwenye tamko la forodha, mzigo ukapewa namba ya Sura ya 40, sura ya mpira kwenye HS (mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba), wakati bidhaa yenyewe ni plastiki ya Sura ya 39. Au kinyume chake.

Msimamo wangu ni kwamba mwagizaji asiyejua jina la polima (dutu ya molekuli ndefu inayounda plastiki au mpira) ya bidhaa yake hajawa tayari kutuma tamko, na wakala anayempangia namba kwa kuminya sampuli kwa vidole anamtafutia deni.

Tuanze na fedha. Tangu tarehe 1 Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Chukua mfano wa mzigo wenye thamani ya CIF (bei ya bidhaa, bima na usafirishaji) ya shilingi milioni 60. Kwa ngazi ya asilimia 10 ushuru ni milioni 6. Kwa asilimia 25 ni milioni 15. Tofauti ni milioni 9, na kwa kuwa VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, inaongezeka milioni 1.62. Jumla milioni 10.62, bila tozo nyingine na bila gharama za kontena kulala bandarini mkibishana. Ngazi ya kila bidhaa isomwe kwenye jedwali la mwaka husika, maana nchi wanachama huomba mabadiliko kila mwaka wa fedha. Kinachobaki palepale ni swali la kwanza: mpira au plastiki?

Jibu halimo kwenye kunyumbuka. Limo kwenye Dokezo la 4 la Sura ya 40, na naomba kila anayeagiza bidhaa hizi alisome taratibu angalau mara moja. Ili dutu iitwe mpira sanisia, kwanza iwe haijashiba, maana yake molekuli zake bado zina viungo pacha ambavyo salfa inaweza kuvishika. Pili, ikipikwa na salfa, yaani molekuli zake zikifungwa pamoja, igeuke moja kwa moja, isiweze tena kuyeyushwa kwa joto na kuumbwa upya. Tatu, ikishapikwa, kwenye joto la kati ya nyuzi 18 na 29 za Selsiasi, ivutwe hadi mara tatu ya urefu wake bila kukatika. Nne, ikivutwa hadi mara mbili kisha ikaachiwa, ndani ya dakika 5 iwe imerudi kwenye urefu usiozidi mara moja na nusu ya ule wa awali.

Kwa kipande cha sentimita 10: kifike 30 bila kukatika, kikivutwa hadi 20 na kuachiwa, dakika 5 baadaye rula isome 15 au chini yake.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu kipimo hiki hakifanywi kwenye bidhaa iliyomo kontenani. Kinafanywa kwenye polima yenyewe, ikiwa imetiwa vitu vya kuifunga tu: salfa, vichapuzi na viamsha. Masizi ya kaboni, chokaa, vilainishi na vijazio vingine haviruhusiwi. Kwa hiyo bomba la rejeta la EPDM, aina ya mpira sanisia, lililojaa masizi linaweza kugoma kuvutika mara tatu, na bado likabaki Sura ya 40, kwa sababu EPDM yenyewe inafaulu. Na bomba la PVC lililolainishwa linaweza kunyumbuka vizuri mkononi, likabaki Sura ya 39, kwa sababu PVC haipikwi na salfa. Ongeza na hili: ghala la Dar es Salaam mwezi Februari huvuka nyuzi 29 kwa urahisi. Anayevuta sampuli humo hajapima kitu.

Wanaofaulu wanafahamika, nao wamepangwa kwenye kichwa (kundi la tarakimu nne ndani ya sura) cha 40.02: SBR, BR, butili, kloroprini, nitrili yaani NBR, isoprini, na EPDM. Butili ya tyubu inafundisha jambo. Isoprini ndani yake ni asilimia moja au mbili hivi, sehemu iliyobaki imeshiba, lakini viungo pacha hivyo vichache vinatosha salfa kufanya kazi yake, basi inaingia. EPM, ndugu yake EPDM asiye na daini, kiambato kinacholeta viungo pacha, hana viungo hivyo kabisa. Anabaki Sura ya 39 pamoja na polima za ethilini na propilini. Herufi moja kwenye karatasi ya kiufundi, sura tofauti.

Wakandarasi wa barabara wanakutana na jambo hilohilo. SBS, polima ya stairini na butadaini ya kuongeza nguvu kwenye lami, haijashiba, nayo hupangwa 4002.19 hata ikija kama chembe zinazoyeyuka kwa joto kama plastiki. SEBS ni SBS iliyoshibishwa kwa haidrojeni. Viungo pacha vimekwisha, inakwenda 3903.90. Gunia ni la aina moja, chembe ni nyeupe vilevile, na mara nyingi mtengenezaji ni mmoja.

Walio nje ya mpira ni hawa wanaouzwa kila siku kama mpira: PVC laini, EVA, poliyurethani, silikoni, na mpira wa florini unaoandikwa FKM. Silikoni ndiyo inayoleta ubishi mkubwa. Inavutika, inarudi, haiyeyuki, inastahimili joto kuliko mpira mwingi. Lakini hupikwa kwa peroksaidi au platini, si kwa salfa, na kwa hiyo malighafi yake ni 3910.00 na bidhaa zake hufuata plastiki. Bomba la rejeta la EPDM ni 40.09. Bomba la silikoni la rangi ya buluu, linalofungwa palepale kwenye gari lilelile, ni 39.17. Chuchu ya chupa ya mtoto ikiwa ya mpira asilia uliopikwa ni 4014.90; ya silikoni ni 3924.90.

Wapo wanaosema tafsiri hii imezeeka, kwamba imejengwa juu ya kemia ya salfa wakati viwanda vimeshapata njia nyingine, na ni ajabu kuiita silikoni plastiki. Naielewa hoja hiyo, ila siikubali. Tafsiri hii ina rula, kipimajoto na saa, nao maofisa wa Mombasa, Tanga na Mutukula wakivitumia kwa uaminifu watapata jibu moja. Tukisema mpira ni kila kinachonyumbuka, namba itapangwa kwa mabishano ya dirishani, na kwenye mabishano ya dirishani mwagizaji mdogo ndiye anayeumia.

Glavu zinahitaji maneno zaidi, maana zinaingia kwa wingi na maboksi yake yanadanganya. Glavu za nitrili na za mpira asilia ni 40.15; tangu toleo la HS la 2022, za matumizi ya kitabibu, meno na mifugo zina nafasi yake, 4015.12. Glavu za vinaili ni PVC, nazo ni 3926.20. Katikati kuna zile zilizoandikwa "mchanganyiko wa nitrili na vinaili". Mara nyingi hizo ni PVC iliyotiwa nitrili kidogo, rangi ya buluu ikifanya kazi ya matangazo. Mchanganyiko wa polima iliyoshiba na isiyoshiba unaitwa mpira pale tu mchanganyiko wenyewe unapofaulu kipimo cha salfa, kuvutika na kurudi. Bila kujua uwiano, usiandike 40.15. Mtego huohuo umo kwenye sponji nyeusi ya kufunikia mabomba ya shaba ya viyoyozi, ambayo kwa kawaida ni NBR iliyochanganywa na PVC. Ile nyeupe au ya kijivu ya polietilini haina ubishi, ni plastiki.

Oringi za spea nazo zina jambo lake. Za nitrili zilizopikwa ni 4016.93. Za silikoni, FKM au poliyurethani ni 3926.90. Zikija zimechanganywa kwenye mfuko mmoja kama seti, zikiwa za mata tofauti, kuna nafasi yake maalumu kwenye 84.84. Lakini boksi la oringi 200 za vipimo tofauti, zote za nitrili, halina mata tofauti, linabaki 4016.93. Mafundi na wauza spea wanalikosea hili sana.

Malighafi ya kiwandani ina mtego mwingine. NBR tupu ni 40.02. Ikishatiwa masizi, salfa au vilainishi kabla ya kuja, ikiwa haijapikwa bado, inatoka 40.02 na kwenda 40.05. Mafuta ya kurefusha, yaani mafuta ya madini ya kuongeza ujazo, yanayotiwa kwenye EPDM hayaiondoi 40.02, masizi yanaiondoa.

Kuna sehemu ambazo ubishi wote huu hauna kazi, tusipoteze muda nazo. Soli za nje na visigino ni 6406.20, ziwe za mpira au plastiki. Ndala na yeboyebo zenye soli na sehemu ya juu za mata hizo huingia 64.02 bila kujali. Godoro la sponji ya mpira au ya plastiki ni 9404.21. Mpira wa miguu ni kifaa cha michezo, 95.06.

Ukiwa na shaka, jaribu mwenyewe kabla ya kulipia maabara, ila ujue majaribio hayo yanaishia wapi. Msumari wa moto ukizama na kuyeyusha, huenda ni PVC, EVA au TPU (poliyurethani inayoyeyuka kwa joto). Ukichoma bila kuyeyusha, molekuli zake zimefungwa, lakini silikoni nayo haiyeyuki. Silikoni hujitambulisha kwa majivu meupe. Waya wa shaba uliochomwa ukagusishwa sampuli kisha ukarudishwa motoni ukatoa mwali wa kijani, kuna klorini: inaweza kuwa PVC, inaweza kuwa kloroprini, na hizo ni sura mbili tofauti. Fanya nje, moshi wake ni sumu. Jibu la kuaminika hutolewa na kipimo cha infraredi, ambacho hutaja polima. Dai ripoti hiyo kwa mwuzaji mzigo ukiwa bado kiwandani kwake.

Kama mzigo ni mkubwa au wa kujirudia, omba uamuzi wa awali wa forodha kwa maandishi, ukiambatisha sampuli, karatasi ya kiufundi na mchanganuo. Ukishapangiwa namba usiyokubaliana nayo, kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinakupa siku 30 kuomba mapitio kwa Kamishna. Wakati unasubiri unaweza kuomba mzigo utolewe kwa kulipa ushuru uliokadiriwa au kuweka dhamana. Usiseme utaomba baadaye, siku hizo hazingojei. Na usitupe karatasi mzigo ukitoka. Nyaraka hutunzwa miaka 5, na ukaguzi wa baada ya kutoa mzigo huja kuziulizia.

Mamlaka zetu nazo nina ombi nazo: zichapishe maamuzi ya upangaji, bila majina ya waagizaji, yakiwa na jina la polima, matokeo ya maabara na sababu. Kila uamuzi wa silikoni ukibaki kwenye faili, mwagizaji anayefuata anaanza ubishi uleule upya, kwa gharama zake.

Kwa sasa, kinachoweza kubadilika leo ni mstari mmoja wa ankara. Badala ya "mpira wa gesi", mwuzaji aandike: "bomba la NBR iliyopikwa, kipenyo cha ndani milimita 8, limeimarishwa kwa uzi wa poliesta, bila viunganishi". Hiyo ni 4009.31. Kama ukweli ni PVC laini yenye uzi uleule na kipenyo kilekile, aandike hivyo, nayo ni 3917.39.