Sukari nyeupe kwa magunia: nani anahitaji ya 45?

Ukitaka kununua sukari iliyosafishwa kwa jumla, swali utakaloulizwa mapema ni hili: ICUMSA ngapi? Wengi hujibu 45 bila kusita. Wamesikia kwamba namba ikiwa ndogo, sukari ni bora, na hakuna anayependa kuonekana anachagua daraja la chini. Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea, kwa maana 45 ni jibu sahihi kwa mnunuzi mmoja na ni gharama ya bure kwa mwingine.

ICUMSA ni kifupi cha jina la tume ya kimataifa ya mbinu za kupima sukari, iliyoanzishwa 1897. Tume hiyo ina vipimo vingi, lakini namba inayotajwa sokoni ni ya rangi tu. Sukari huyeyushwa katika maji, ikachujwa, kisha mwanga ukapitishwa ndani yake kuona kiasi kinachofyonzwa. Mkataba wa sukari nyeupe katika soko la bidhaa la London unataka rangi isiyozidi 45, unyevu usiozidi asilimia 0.06 na usafi usiopungua nyuzi 99.8 (nyuzi 100 ni sukari tupu). Sukari nyeupe inayotoka moja kwa moja katika kiwanda cha miwa, bila kupelekwa kusafishwa upya, inaruhusiwa na kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kufika rangi 150, mradi usafi wake usipungue nyuzi 99.5. Tofauti ni nyuzi 0.3. Kwa utamu, hakuna ulimi utakaoiona.

Basi kwa nini mtu alipie zaidi? Muulize mtengeneza soda. Ndani ya hicho kidogo kilichobaki mna chumvichumvi, rangi ya miwa na vitu vya jamii ya wanga ambavyo havionekani sukari ikiwa kavu. Vikiingia katika kinywaji chenye asidi hutulia kimya, halafu baada ya siku kadhaa nyuzinyuzi nyeupe zinaanza kuelea ndani ya chupa. Kinywaji hakina sumu, ila nani atakinunua? Kuna pia suala la salfa. Viwanda vingi vya miwa hung'arisha juisi kwa gesi ya salfa, na Codex inaruhusu mabaki hadi miligramu 70 kwa kilo katika sukari ya aina hiyo, dhidi ya 15 katika ile iliyosafishwa. Isitoshe, sukari iliyong'arishwa kwa salfa huanza kurudia umanjano ikikaa ghalani muda mrefu. Kwa vinywaji viangavu, shira za dawa na peremende za kuangaza kama kioo, sioni mjadala: sukari iliyosafishwa ya daraja la juu ndiyo inayofaa.

Mwokaji yuko upande mwingine kabisa. Biskuti na keki ya chokoleti zitapata rangi katika oveni, na umanjano mdogo wa sukari hautaonekana na mtu. Kinachomhusu ni ukubwa wa chembe, jambo ambalo namba ya ICUMSA hailigusi hata kidogo. Anapopiga siagi na sukari, kingo za chembe ndizo zinazochimba vishimo vya hewa ndani ya mafuta, na hewa hiyo ndiyo itakayofutuka kwenye moto. Chembe laini za milimita 0.3 hivi huacha vishimo vingi vidogo, na keki hutoka laini ndani. Zikiwa kubwa mara mbili, nyingine hazitayeyuka kwa wakati, na juu ya keki utaona madoa ya kahawia. Biskuti nazo hutanuka zaidi sukari ikiwa laini, kwa hiyo ukibadilisha gunia bila kuangalia chembe, unga uleule na moto uleule vitakupa biskuti za upana mwingine. Uliza wastani wa ukubwa, na uulize pia kama chembe zinalingana. Mchanganyiko wa kubwa na ndogo hujitenga ukitikiswa njiani: laini hushuka chini ya gunia, na bakuli la mwisho halifanani na la kwanza.

Sukari ya unga ya kupambia keki ni bora usiiweke akiba nyingi, kwa kuwa hushikamana upesi hata ikiwa imechanganywa na wanga. Wapo wanaoamua kusaga wenyewe. Hilo linawezekana, ila vumbi la sukari likijaa hewani hulipuka likipata cheche. Mwaka 2008, mlipuko wa namna hiyo uliua watu 14 katika kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, Georgia, Marekani.

Kuhusu wingi, muuzaji ana hoja nzuri: sukari kavu haiozi, basi chukua tani kadhaa upate punguzo. Hoja hiyo inasahau maji. Kila chembe imevaa utando mwembamba wa shira. Hewa ikiwa na unyevu, utando hunenepa. Ikikauka, hugeuka kuwa chembe tena na kuziunganisha zile za jirani. Joto la mchana na baridi ya usiku vikipishana mara kwa mara, gunia lililoegemea ukuta au lililolala juu ya saruji hugeuka jiwe. Sukari iliyofungwa ikiwa bado ya moto, bila kupumzishwa kwanza kiwandani, hufika na madonge tayari. Na chembe laini ndizo zinazoganda haraka zaidi.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyopishana. Mtengeneza soda, anayehitaji sukari safi kuliko wote, ndiye anayeumia kidogo ikiganda, maana ataiyeyusha tu. Mwokaji, anayeweza kuridhika na sukari ya bei nafuu, ndiye mwenye hasara, kwa kuwa donge lililopondwa halirudi kuwa chembe alizolipia. Kwa hiyo maoni yangu yanakwenda kinyume na desturi ya wauzaji: mifuko mikubwa ya tani moja na lori la kumimina vimfae anayeyeyusha, na awe na daraja la juu; mwokaji anunue magunia ya kilo 50 machache, mara nyingi, na fedha anayookoa kwenye rangi aitumie kudai chembe zinazolingana. Mtengeneza jamu yuko katikati: matunda meusi yatafunika rangi ya sukari, matunda meupe hayatafunika.

Cheti cha maabara kisikutoshe, hasa bei ya 45 ikiwa chini mno ya soko. Ulaghai wa kutangaza 45 kwa bei ya kutupa ni wa zamani katika biashara hii. Linganisha namba ya toleo kwenye cheti na ile ya kwenye gunia. Kisha yeyusha gramu 100 za sukari katika gramu 100 za maji ya moto, weka glasi mbele ya karatasi nyeupe, utazame rangi na takataka za chini. Kama ni ya vinywaji, tia asidi ya sitriki, funika, uiache siku 10 hivi. Nyuzinyuzi zikitokea, mzigo urudi ulikotoka.