Kisiwa Kimeondoka, Nauli Yangu Je?

Mimi ni fundi cherehani, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, hapa Tanga. Mjini hapa watu wananijua kwa suruali. Nalisema hili mapema mpate kuelewa kwa nini katika mkasa wote huu kilichoniuma zaidi si pesa.

Ulianzia kwenye simu. Kuna kijana hapa mtaani anapanga matembezi ya watu, leo Mapango ya Amboni, kesho Lushoto. Ni mteja wangu pia, kitambaa chake cha suti ninacho tangu Shaabani na nimeshamwambia imebaki vifungo tu. Basi akatuma tangazo kwenye kundi la mtaa: KRUZI YA NANE NANE, siku tatu usiku mbili, Tanga, Maziwe, Pangani, Nungwi na kurudi, elfu themanini na tano kichwa, chakula humo humo. Juu yake picha ya meli. Nasema meli kwa kukosa neno, kwa sababu ule ulikuwa mtaa. Nilihesabu ghorofa nikafika kumi na sita nikapotea, na juu kabisa kuna bwawa la kuogelea, wazungu wamelala pembeni wamepasuliwa na jua kama ng'onda.

Mke wangu akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Baba watoto, tangu unioe umenitembeza wapi?"

Nikamwambia Muheza.

"Muheza tulikwenda mazishini."

Nikatoa 255,000. Za watu watatu, maana mke alisema hawezi kumwacha mama yake peke yake nyumbani, na mama mkwe naye akasema hawezi kumwachia mtu binti yake baharini. Huyo mtu ni mimi, nimeoa miaka kumi na tisa.

Halafu nikaweka kando nguo za watu nikajishonea ya kwangu. Gabadini nyeupe, marinda mawili mbele, mifuko ya kuchinja, upindo wa chini nimeushona kwa mkono. Nikaipiga pasi ya mkaa hata ule mstari wa mbele ungeweza kukatia ndimu. Kwa siku nne kila aliyekuja dukani nilimwambia asinitafute mpaka Jumatatu, niko kwenye kruzi. Wengine walidhani ni ugonjwa.

Nane Nane ya mwaka 2025 iliangukia Ijumaa. Saa kumi na mbili asubuhi tuko Deep Sea, wavuvi wanashusha samaki, mimi nimesimama katikati ya magamba na suruali nyeupe. Meli siioni. Kuna boti ya mbao, kijani, turubai juu, na viti vya plastiki vimefungwa kamba miguuni kama mbuzi wa Idi.

"Kijana, meli iko wapi?"

"Mzee wangu, ile picha ni ya mfano."

Jamani! Ni sawasawa na mimi nichore suti kwenye kibao cha duka halafu mtu nimkabidhi kaptula. (Ndiyo, kibao changu kina suti. Hayo ni mambo mengine.)

Ratiba ilisema tunang'oa nanga saa kumi na mbili, saa nne tuko Maziwe, chakula cha mchana mchangani. Saa kumi na mbili tukamsubiri nahodha. Nahodha akaja, tukasubiri dizeli. Dizeli! Hapo ulipo ukinyoosha kidole upande wa pili wa ghuba ni Chongoleani, ndiko linakojengwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda. Mafuta yatavuka mapori yote yale yaje kutufuata mlangoni, sisi tunamsubiri mtu wa bodaboda na madumu mawili. Yalipofika madumu, ikawa pilau bado iko jikoni. Ilipofika pilau, mwenye pilau akakumbuka miiko.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya begi lake, hana haraka. Yeye mzaliwa wa Pangani. Akaniita.

"Mwanangu, leo mwezi umekaribia kutimia?"

"Unatimia kesho, mama."

"Basi hili bamvua." Akakaa kimya kidogo. "Huko mnakokwenda mtafika saa ngapi?"

Nikamjibu tutafika tu, inshallah. Nilijua anatafuta sababu ya kulaumu.

Tuliondoka saa tano kasoro robo. Cha kwanza kupita ni kisiwa cha Toten, na yule kijana akashika kipaza sauti akatueleza kuwa jina hilo ni la Kijerumani, maana yake wafu. Asante. Watu ishirini na sita ndani ya boti, safari ndiyo kwanza inaanza. Kisha tukatoka nje ya ghuba, tukageuza kusini, na hapo tukakutana na mwenyewe, upepo wa kusi.

Sitaki kuyarefusha ya kusi. Mwenye kuijua bahari ya mwezi wa nane anajua, asiyeijua achukue ungo akae ndani, amwambie mtu autikise kwa saa tano. Ndimu ziligawiwa za kunusa, zikaisha. Watu waliopanda wanaimba walipofika usawa wa Tongoni walikuwa wanaomba. Mimi tumbo lilinivumilia. Kilichonipata ni baharia mmoja, mtoto mdogo tu, aliyetoka kuchokoa injini. Wimbi likatuinua, akapepesuka, akatafuta pa kushika, akashika goti langu. Alipoondoa mkono, ukabaki. Vidole vitano, kiganja, hata ile mistari ya kiganja unaisoma, vyote vya grisi, juu ya rinda la kushoto. Akaniambia, "Samahani, babu." Nina miaka hamsini na moja.

Saa kumi jioni injini ikapunguzwa. Kijana akasimama akapiga makofi.

"Wageni wetu, tumefika Maziwe!"

Tukatazama kulia, maji. Tukatazama kushoto, maji.

"Kiko wapi?" akauliza mke wangu.

"Kipo, dada. Kipo chini."

Maziwe ni fungu la mchanga. Maji yakipwa linatoka, jeupe, zuri kweli, nimeliona kwenye picha. Maji yakijaa linazama. Na siku za bamvua, zile za maji makubwa, pwani yetu hii, maji hupwa kwenye saa nne na hujaa kwenye saa kumi, asubuhi na jioni. Mtoto wa mvuvi wa darasa la pili anajua. Saa nne asubuhi, wakati kisiwa kimejianika juani kinatusubiri, sisi tulikuwa Deep Sea tunasubiri miiko.

Mama mkwe hakuniambia "nilikwambia". Laiti angeniambia! Aliinama ukingoni akayatazama yale maji ya kijani, akasema, "Nilipokuwa msichana hapa palikuwa na mivinje. Kasa walikuwa wanapanda kutaga." Kisha akafungua begi lake, akatoa mkate wa kumimina, akaanza kula. Miti ilikwisha zamani, ufukwe ukaliwa na bahari, hilo kweli na linasikitisha. Lakini mimi nimelipia cha sasa, na cha sasa nacho sikukiona.

Nahodha, mzee wa watu, akasema kitaibuka tena usiku saa nne tukitaka kungoja. Hakuna aliyetaka. Pilau ikapakuliwa pale pale, baridi, kila mtu sahani mapajani. Kijana akatuambia tusivunjike moyo, kwani chakula tumekula Maziwe kama ilivyoandikwa, tofauti ni urefu tu.

Pangani tulifika usiku. Malazi yaliandikwa "ufukweni". Ufukwe ulikuwepo. Tuendelee.

Jumamosi asubuhi tumejipanga kwenda Nungwi, mke wangu amepaka wanja, nahodha akatazama bahari mara moja, akakataa. Upepo umezidi, chombo chake hakivuki. Hapo sina neno na yule mzee, na asitokee mtu wa kumlaumu mbele yangu. Sisi wa pwani hatujaisahau meli ya Spice Islander ilivyozama, Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba. Nahodha akikwambia siendi, mshukuru ukatafute chai.

Mwenye neno na mimi ni yule kijana. Eti, "Wageni wetu, bahari imechafuka ghafla." Ghafla! Kusi limeanza kuvuma tangu mwezi wa nne, watu wamelitungia mashairi. Mtu anayeshtushwa na kusi mwezi wa nane atashtushwa na jua adhuhuri. Ulipokuwa unapokea pesa zetu hukulisikia?

Akabadilisha ratiba: badala ya Nungwi, tunapanda mto Pangani kuangalia mamba. Haya, mamba. Tukarudi botini, injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Akabadilisha tena: badala ya mamba, matembezi ya mji wa kale kwa miguu. Mama mkwe akamwuliza atamtembeza vipi katika mji aliozaliwa.

Ndipo mke wangu akakataa katakata kurudi Tanga bila picha. Alishawaahidi watu kundini. Basi tukashuka kivukoni, tukapanda kivuko cha kwenda Bweni, pamoja na pikipiki sita, magunia ya nazi na mbuzi mmoja aliyenipenda bure. Dakika chache, ng'ambo. Nikapigwa picha nimeshika reli, nimeinua kidevu, natazama mbali, mkono wa kushoto nimeuteremsha gotini kuficha ule mkono mwingine. Ni picha nzuri, wallahi. Unaiona meli, unaiona bahari kwa nyuma. Tukashuka Bweni, tukageuka, tukapanda kivuko kile kile kurudi. Hiyo ndiyo kruzi.

Jioni tukapakiwa kwenye Hiace, kilomita hamsini hivi, wengine wanne wanne kwenye kiti. Saa tatu usiku ya Jumamosi tuko nyumbani, siku nzima kabla ya tarehe. Na mimi nimeshautangazia mji narudi Jumapili usiku! Sikuwa na la kufanya. Jumapili kutwa nilijifungia chumbani, dirisha nimeshusha pazia, nakunywa chai bila kukoroga sukari kijiko kisisikike, huku nawasikia wateja wangu barazani. "Fundi yuko Zanzibar." "Na gauni langu?" "Liko naye labda."

Jumatatu nikaichukua ile suruali, nikaikunja goti likae juu kama ushahidi, nikamfuata kijana kwake. Nilishapanga maneno njia nzima. Akanipokea kwa heshima, shikamoo mzee wangu, akanipa kiti, akaitazama suruali, akaisikitikia. Nikamwambia sitaki mengi, anirudishie nusu tu.

"Mzee wangu, pesa yako usiwe na wasiwasi nayo kabisa," akasema. "Ipo tayari. Imebaki vifungo tu. Pita Jumatano."

Nikaaga. Nilipofika barabara ya nane nikakumbuka kuwa kile kitambaa chake hata kukikata sijakikata.