Aliyechora huu uwanja alinichora na mimi

Watu wa nyumbani wakisikia nakaa esteti ya gofu wanadhani nimeomoka, wananitumia mpaka michango ya harusi. Jamani mimi ni keateka! Nyumba ni ya bosi, bosi yuko Nairobi anakuja Disemba, mimi ndo nakula mipira mwaka mzima.

Iko hivi. Hawa wachezaji wa wikendi wengi wanapigia mkono wa kulia, na akikosea kidogo tu mpira unapinda kulia, kedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, wanaita slaisi, hata mtoto wa kedi anajua. Sasa mchoraji akaiweka nyumba yetu wapi? Kulia, kama hatua 200 toka wanapoanzia, pale pale mpira unapochoka kupinda. Mzee, ulikuwa na ekari zote hizo, jikoni kwangu kulikukosea nini?

Kampira kenyewe hakafiki gramu 46, lakini juzi nimeinjika maharagwe nasikia "fooo!", hilo ndo onyo lao, linafika pamoja na kioo. Jamaa akaja mpaka kwenye vile vijiti vyeupe, akachungulia, akasonya, akaondoka. Kumbe jikoni kwangu ni nje ya mpaka, kwa hiyo anaongezewa pigo moja na anarudi kupiga tena pale alipotoka. Yaani dirisha langu, maharagwe yangu yamejaa vioo, anayeadhibiwa ni yeye, na kununa ananuna yeye! Akarudi, akapiga. Na wa pili nao ukaja.

Kule Vipingo Ridge, Kilifi, Ronald Fream wa Marekani alipochora aliiacha mibuyu isimame na uwanja wenyewe ukaitwa Baobab, yaani mbuyu. Sawa, mbuyu ukigongwa hausemi kitu. Huku kwetu mbuyu ni mimi.

Na usianike nguo ikaonekana toka uwanjani, eti inaharibu mandhari. Suruali yangu inaharibu mandhari ila shimo la mchanga katikati ya nyasi ni urembo, na huo mchanga sisi kwetu tunachangishana lori moja miezi mitatu tumalizie choo cha bibi. Maji nayo ya kisima, yana chumvi, nikalalamika ofisini nikaambiwa usijali, hii nyasi ni paspalum, inavumilia chumvi. Mimi nimeuliza chai, najibiwa nyasi.

Siku hizi nafua Jumatatu, wakiwa wachache, na nikienda kwenye kamba navaa helmeti niliyoazima kwa jamaa wa boda. Mlinzi ananicheka, lakini kibanda chake kiko kushoto.

Jana bosi kapiga simu, vipi nyumba, hewa inaingia vizuri? Nikatazama madirisha ya upande ule, matatu yote.

Nikamwambia bosi, hewa inaingia vizuri sana.