Itifaki ya marehemu

Makala hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza niliiandika usiku uleule wa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, asubuhi nikaifuta kwa sababu ilijaa matusi. Hii ni ya pili. Matusi nimeyapunguza.

Mnaijua baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa saba. Saa moja na nusu asubuhi wazee wetu wa chama cha askari na mgambo wa zamani walikuwa wameshafika uwanjani, koti juu ya koti, medali wamezibandika kwenye koti la juu kabisa ili zionekane. Mgeni rasmi kwenye ratiba aliandikiwa saa tatu. Akafika saa tano kasoro. Muda wote huo kijana wa muziki hakuwa na la kufanya ila kutupigia ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ya vita dhidi ya Amin: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Mara nne! Ya kwanza wazee walisimama. Ya pili wakapiga makofi wakiwa wamekaa. Ya nne mzee mmoja akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawa watu hawana hata kwaya.

Msafara ukaingia, tukasimama, tukakaa. Mshereheshaji akaanza itifaki. Wadau, ile itifaki! Mheshimiwa fulani na cheo chake, katibu wa fulani, mwakilishi wa mwakilishi, meneja wa waliotuazima viti, kila mmoja ainuke, apunge mkono, apigiwe makofi ya kilo moja. Mmoja alitamkwa kwa cheo cha zamani, msaidizi akakimbia na kikaratasi, mshereheshaji akaomba radhi na kumtamka upya. Walio hai, hakuna aliyesahaulika. Zikaja hotuba, vikaja vyeti vya shukrani, ikaja picha ya pamoja, ikarudiwa kwa sababu mmoja alikuwa amefumba macho.

Ndipo tukafika kipengele cha tisa, ambacho mimi na wengine wengi ndicho tulichokifuata: kuwakumbuka wanachama waliotangulia mbele ya haki.

Katibu wa wazee akainuka na daftari lake. Ni kaunta buku ya kwaya tatu, jalada limevikwa gazeti na juu ya gazeti nailoni ya mfuko wa sukari. Ndani amechora mistari kwa rula: jina, namba ya jeshi, kikosi, kijiji, tarehe ya kufariki. Majina 63, yote kwa mkono wake, isipokuwa ukurasa mmoja ulioandikwa na mjukuu wake wakati jicho lake linafanyiwa upasuaji, na huo anauonea aibu kwa sababu mwandiko umelala. Akaanza kusoma. Anasoma taratibu, ni kweli. Jina, kijiji, anameza mate, jina lingine.

Alipofika la 12 mshereheshaji akamsogelea, akamnong'oneza, akachukua kipaza sauti. "Kwa sababu ya muda, majina yaliyobaki tuyachukulie kuwa yamesomwa. Tusimame dakika moja ya ukimya."

Tuyachukulie kuwa yamesomwa! Kama taarifa ya mapato na matumizi!

Na hiyo dakika moja nilikuwa na simu mkononi. Sekunde ishirini na mbili.

Sasa niseme ninalotaka kusema. Watu wakishaondoka duniani hatuna tena cha kuwapa ila kuwaita majina. Chakula hawali, koti halitawafaa, kiti cha mbele hawakihitaji. Jina tu, litamkwe vizuri, mbele ya watu, na mtu mwenye pumzi. Tukishindwa hata hilo, basi shada, gwaride, tarumbeta, vyote ni sherehe ya walio hai iliyoazima kisingizio. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni nikasoma majina 63 ya kubuni pamoja na vijiji, kwa mwendo wa katibu, simu ikihesabu. Dakika sita na nusu. Vyeti vya shukrani vilichukua zaidi ya hapo, maana mpiga picha alitaka kila mtu ashike cheti kwa mkono wa kushoto.

Ukimya ni kitu kizuri, sikatai. Lakini ukimya haumtaji mtu. Ukisimama kimya unamkumbuka yeyote unayemtaka, au unafikiria mahindi yako, nani atajua? Jina halikupi nafasi hiyo. Jina likitamkwa, kuna mtu mahali fulani kwenye viti vya nyuma anashtuka.

Mimi nilikuwa kwenye viti vya nyuma. Namba 41 ni baba yangu. Basi semeni nina maslahi. Ninayo.

Baba hakuwa mwanajeshi wa kuajiriwa. Alikuwa mgambo, mkulima wa ndizi na kahawa wa Rungwe, aliyepanda lori kama wenzake baada ya Amin kuingia Kagera. Katika daftari la katibu, safu ya namba ya jeshi kwa watu kama baba haina namba. Katibu ameandika M kubwa na kuizungushia duara. Zipo M nyingi. Wengi walirudi mwaka 1979, wakaweka buti kwenye dari na kushika jembe. Habari ya mafao ya mgambo ina makala yake, leo siigusi, nikiigusa nitarudia yale ya usiku wa kwanza.

Alichokuwa akisimulia si mizinga. Alisimulia migomba. Alisema walipoingia upande wa Masaka, Uganda, alichanganyikiwa, maana kila alipogeuka aliona kwao: migomba, mvua, udongo mwekundu unaonata kwenye buti, mama amebeba mkungu kichwani. Alisema ni vigumu kumwogopa adui mahali panaponuka kama shamba la mama yako, na hicho ndicho kilichowaponza wengine. Kisha alikuwa akifika Lukaya na kunyamaza. Waliosoma habari za vita ile wanajua: Machi 1979, usiku, barabara moja katikati ya kinamasi, makombora ya Walibya, na brigedi ya 201 ambayo wengi wake walikuwa mgambo kama yeye, wakatawanyika kwenye maji hadi wenzao wa 208 walipozunguka na kupiga kwa ubavuni kulipokucha. Baba alibaki kwenye matete usiku kucha na jirani yake wa kijiji cha pili. Kulipokucha alikuwa peke yake.

Jirani huyo hayumo kwenye daftari la katibu, kwa sababu chama hakikuwapo na yeye hakurudi kujiunga nacho. Lakini kila mwaka baba alikuwa akiomba jina lake liongezwe mwishoni, na kila mwaka katibu wa wakati huo alikataa, eti si mwanachama hai. Si mwanachama hai! Na hapo nawalaumu wazee wenyewe, maana itifaki za ajabu hata wao wanazo. Katibu wa sasa, Mungu ambariki, amefungua ukurasa wa nyuma kabisa na kuandika juu yake "Wengineo".

Ukitoka hapa Mbeya kwenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, ni kuivuka nchi nzima, siku mbili za basi ukibahatika. Nani katika vijiji vyetu amewahi kwenda? Kwa familia nyingi, kule kutamkwa jina uwanjani mara moja kwa mwaka ndilo kaburi wanaloweza kulifikia kwa bajaji.

Mtu ataniambia mashujaa wanakumbukwa kitaifa, na kila mwaka tunaona kwenye runinga mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, mashada. Naona. Na napenda, tena nikisikia tarumbeta huwa nalia, wanangu wananicheka. Lakini taifa linawakumbuka mashujaa kwa jumla. Sisi wa hapa ndio tunaojua kwamba huyu alikuwa fundi baiskeli wa Mwanjelwa na yule aliuza machungwa stendi ya Kabwe akiwa amevaa kofia ya jeshi hadi ikabaki nyuzi. Hiyo kazi taifa haliwezi kutufanyia.

Na kukumbukwa kwa jumla tunakujua kunaishia wapi. Nendeni Dar es Salaam, pale katikati ya mzunguko kuna yule askari wa shaba, amesimama na singe yake tangu 1927. Amewekwa kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, kwa kuhara na njaa na mizigo, na wengi walitolewa huku huku kwetu na majirani zetu. Wana nini leo? Wana jina la kikosi, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza Kariakoo, na sasa tunakwenda kununulia vitenge. Halafu rudini Iringa mjini, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola: jiwe kwa jiwe, jina, cheo, kikosi, nyasi zimekatwa. Nimewahi kusimama pale nikasoma jina la kijana wa Kizungu ambaye hata ukoo wake sitakaa niujue, na nimemsoma kwa sauti. Mpagazi aliyembebea sanduku la risasi hana wa kumsoma. Tofauti ya hao wawili ni kwamba mmoja aliandikwa.

Sisi tunao walioandikwa. Kwenye kaunta buku, na namba, na kijiji. Na bado tunasema muda hautoshi. Hapo Kalenga, karibu na Iringa, fuvu la Mkwawa lililochukuliwa na Wajerumani lilisubiriwa tangu 1898 hadi 1954, miaka 56, likaandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles. Watu waliobeba subira ya namna hiyo ndio mababu zetu, na sisi tumeshindwa dakika sita na nusu.

Haya, haki itendeke. Mgeni rasmi kweli alikuwa na shughuli nyingine, na kuchelewa kwake nasikia kulitokana na lori lililolala barabarani Mlima Nyoka, jambo ambalo dereva yeyote wa hapa anaweza kulithibitisha. Mshereheshaji ni kijana, alikuwa anatafuta mkate wake na ratiba hakuipanga yeye. Katibu naye akishapewa kipaza sauti huwa anapenda kuongeza visa pembeni. Mwaka juzi alisimama kwenye jina moja akatueleza jinsi marehemu alivyokuwa akila pilipili. Na si wote waliomo mle walikuwa malaika. Wapo walioacha madeni, yupo aliyempiga mkewe, sote tunajua. Jina lake lisomwe vilevile. Hatusomi cheti cha tabia njema.

Tena tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya wazee wa mwaka 1978. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wetu walishambuliwa Semuliki, Kongo, na majeneza 14 yakaletwa nyumbani. Siku yalipofika niliweka picha ya majeneza kwenye status, nikaandika "mashujaa wetu" na alama ya moyo uliovunjika. Niulizeni jina la mmoja wao tu. Sina. Kwa hiyo hata mimi niliyachukulia kuwa yamesomwa.

Nimependekeza kwa wazee kwamba mwakani majina yawe kipengele cha kwanza, kabla hata mgeni rasmi hajafika. Akiwahi atayasikia, asipowahi basi. Mwenyekiti amesema atalipeleka kwenye kikao. Tunavijua vikao.

Ila nisiishie hapo, kwa sababu kuna kilichotokea baadaye.

Msafara ulipoondoka, na vijana walipoanza kukunja turubai, katibu hakwenda kula. Alikwenda kukaa chini ya ule mti wa mgrivelia karibu na choo cha shule, akafungua daftari kwenye namba 13, akaendelea kusoma. Bila kipaza sauti. Tulikuwa labda watu kumi na tano, wajane wengi, wengine sahani za pilau mkononi. Alipofika namba 41 nilitazama chini nikaona kiatu changu kina tope kisiginoni, na hicho ndicho ninachokumbuka. Akapita. 42, 43.

Kwenye 50 na kitu bibi mmoja aliyejifunga shuka la bluu akanyanyua mkono.

"Katibu, ngoja. Huyo uliyemsoma ni nani?"

Katibu akasoma tena, jina na kijiji.

"Kijiji ni chetu. Huyo mtu simjui."

Akainuka, akaenda kuinamia daftari. Hakuwa na miwani, akaazima ya katibu, ikawa kazi kwa sababu sasa katibu ndiye haoni. Nikaitwa mimi nisome. Ilikuwa herufi moja. Mnajua majina yetu ya Kinyakyusa: Mwa ni ukoo huu na Mwai ni ukoo ule, na i ilikuwa imeachwa. Ukurasa wenyewe ni ule wa mjukuu. Mume wa yule bibi ana miaka minne tangu afariki, na kwa miaka minne kwenye kumbukumbu za chama alikuwa mtu wa ukoo mwingine.

Katibu akatafuta kalamu kwenye koti la kwanza, la pili, akaipata kwenye la tatu. Akachora kimshale chini ya mstari, juu yake akaweka i, na nukta yake akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka kidogo.

"Ndaga fijo," bibi akasema, yaani asante sana. Lakini hakurudi kukaa. "Sasa msome."