Nilimeza Chambo kwa Sababu Nina Adabu

Jamani, kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti, na mimi nisikilizwe.

Naizungumzia ile inayozunguka kwenye magrupu, ambayo jamaa yangu anacheka kuliko anavyoongea. Anasema nilikuwa na njaa. Anasema nilikula chambo nusu ndoo. Imefika mpaka kwa shangazi yangu wa Ngamiani, ambaye hata simu janja hana, akanipigia kwa simu ya jirani: "Mwanangu, umefikia kula samaki wabichi? Si ungesema tukutumie hela?" Koo bado linawasha, ninakunywa uji wa vuguvugu kama mzazi, lakini leo nitaandika hivyohivyo.

Samaki alikuwa mmoja. Mmoja! Na hakuliwa, alimezwa. Mtu mzima anajua tofauti.

Wanaomjua jamaa wanajua kwamba ni mtoto wa Korogwe, Mto Pangani kwake ni uani. Mimi wa Tanga mjini samaki nawajulia soko la Deep Sea, wakiwa wameshalala mezani wanasubiri bei. Akawa ananibeza kila siku: "Hujawahi kumvua kambale, na taa unawasha kwa maji ya mto wetu!" Maana mto wenyewe unapata maji yake Kilimanjaro na Meru, unapitia Nyumba ya Mungu, unashuka Korogwe, ukifika Hale unazungusha mitambo ya umeme tangu 1964, ndipo uende zako kuingia baharini pale Pangani mjini. Nikasema sawa, nakuja.

Kambale hachagui sana. Utumbo wa kuku anakula, minyoo anakula, kipande cha sabuni wapo wanaomtegea na anakuja. Ila jamaa ana msimamo wake: kambale mkubwa anataka kitu kinachocheza majini, akisikie kwa zile sharubu. Kwa hiyo ni samaki hai au basi. Kuwapata, anachukua chupa kubwa ya maji, anaikata shingo na kuigeuza iangalie ndani, anaitoboa matundu kwa msumari wa moto, anatia pumba za mahindi na kokoto za kuizamisha, anaifunga kamba na kuitupa penye majani. Samaki wadogo wanafuata pumba, wanaingia, njia ya kutokea hawaioni tena. (Mliouliza kwa nini tusitumie chandarua: sheria inakataza, na jamaa akikuona nacho mtoni urafiki umeishia hapo.)

Tulipoivuta ile chupa ilikuwa imejaa vitoto vya perege, vinang'aa, vinagongana. Akaanza kunipa darasa. Perege jike, anasema, analea mdomoni. Mayai anayakusanya mdomoni, yanaanguliwa humohumo, na vitoto vikishatoka, vikitishwa kidogo tu vinakimbilia kwa mama na mama anafungua mdomo vinaingia. Watoto chungu nzima, na hamezi. Naomba hilo mlishike.

Sasa. Ndoana yangu ikanasa kwenye mzizi, mshipi ukakatika. Nikakaa juu kidogo ya ukingo, maana mto ule una mamba na mimi si shujaa, nikaanza kufunga ndoana nyingine. Samaki nilikuwa nimeshamchagua, kitoto cha perege urefu wa kidole cha mwisho. Mikono miwili, kazi tatu. Chini ni tope. Ndoo iko kwa jamaa kule chini. Nikamtia mdomoni, kichwa ndani, mkia nje, nimembana kwa midomo tu, kwa sababu kwa meno ningemuua na chambo kilichokufa hakichezi. Na jamaa mwenyewe ndivyo afanyavyo! Nilimwona kwa macho yangu asubuhi ileile, kamng'ang'ania perege mdomoni huku anafunga fundo. Kwenye sauti yake hilo mmelisikia? Hamjalisikia.

Wakaja watoto kwa ile njia ya mtoni, wamebeba madumu ya maji. Wakaniona. Wakasimama wote kwa pamoja:

"Shikamooo!"

Wenzangu, mimi nimelelewa na bibi ambaye salamu ya mtoto ukiichelewesha anakuuliza kama umekuwa mfalme. Jibu halipiti kichwani, linatoka lenyewe. Likatoka.

Ile M haina neno, midomo inafunga. Balaa ni ile A.

Mdomo ukafunguka. Perege akaona giza zuri mbele yake. Akapiga mkia, ukanichapa mdomo wa juu, na palepale nikasikia ubaridi unateleza juu ya ulimi, taratibu kabisa, mtu yuko safarini hana haraka. Akafika kwenye kimeo. Akasimama. Nikataka kumtema. Sasa pezi la mgongoni la perege lina miiba: akiendelea mbele inalala, ukimrudisha nyuma inasimama. Ikasimama. Macho yakanitoka. Mkono wa kulia nina ndoana, wa kushoto nina mshipi, hata koo siwezi kulishika nisije nikajivua mwenyewe.

Watoto bado wamesimama wananitazama. Yule mdogo kabisa akamwambia dada yake, "Mjomba hajaitika."

Dada yake, mtoto kafunzwa kwao, akadhani sikusikia. Akarudia kwa sauti zaidi, na wenzake wote wakampokea:

"SHIKAMOOO!"

Na mimi, Mungu ni shahidi, nikajaribu tena kuitika.

Kilichotoka sikijui kiliitwaje, lakini dumu moja lilianguka, na jamaa akainua kichwa kule chini. Ndani ya koo yule samaki akageuka ubavu, akapiga mkia mara ya mwisho, nikamsikia. Kisha koo likaamua lenyewe bila kuniuliza. Gulu.

Kimya. Wakati huohuo anapita mzee na baiskeli yake, kapakia majani ya ng'ombe, akapunguza mwendo kwa wema wake: "Habari za hapo vijana? Samaki wanakula leo?"

Jamaa, machozi yanamtoka, kashika magoti: "Leo wanaliwa, mzee."

Mengine ni ya haraka. Bodaboda ikaitwa, nikapelekwa zahanati peke yangu kwa kuwa mwenzangu alisema lazima mtu abaki kulinda mishipi. Muuguzi akaniuliza nimemeza nini, nikasema chambo. Chambo cha nini? Cha kambale. Akaomba radhi, akaenda nyuma ya pazia, nikawa naliona pazia linatikisika. Alipotoka alinimulika koo kwa tochi, akasema limekwaruzwa tu, mwenyewe keshashuka, nisukutue kwa maji ya chumvi na nisile vikavu. Nikalipa, nikapanda basi la Tanga. Nafika Muheza, simu inaingia ile sauti.

Mnaoandika "ungemtafuna tu", nimewaona na majina nimeyahifadhi. Uliyeuliza ladha yake: hakukaa mahali pa ladha. Na wewe dada uliyeandika kwamba perege jike anabeba watoto kibao mdomoni na hajammeza hata mmoja, ila mimi mmoja amenishinda: perege jike hasalimiwi na mtu.

Kambale walipatikana, kwa taarifa yenu. Wakati mimi namulikwa koo, jamaa alikuwa anawavuta kwa chambo kilekile kilichobaki kwenye ndoo. Picha alinitumia usiku, kambale wa nazi pembeni ya ugali, na ujumbe chini yake: "Njoo Jumamosi, perege bado wapo. Ila safari hii ule kabisa nyumbani."