Steringi Yuko Njiani

Nilichapwa na mwiko wa ugali kwa ajili ya Van Damme, na Van Damme mwenyewe hakutokea. Sasa mtu akiniuliza kwa nini kila nikiona namba 2 mwishoni mwa jina la sinema ya ngumi tumbo linanikata, nianzie wapi?

Nianzie Tandika, Dar es Salaam, enzi za mabanda ya video. Banda la mabati, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni moja, na deki iliyokuwa inatafuna mikanda kama mbuzi anavyotafuna nguo kwenye kamba. Mlangoni ubao wa chaki: LEO KICKBOXER 2, VAN DAMME ANARUDI.

Jamani, anarudi! Ile ya kwanza ya mwaka 1989 tulikuwa tumeiangalia mpaka mkanda unatoa mvua. Tulijua sehemu yule adui, Tong Po, anapiga nguzo kwa ugoko hadi chokaa inadondoka. Tulijua sehemu yule mzee Xian anamdondoshea Van Damme nazi tumboni ili akomae. Binamu yangu akanifanyia zoezi hilohilo kwa dafu, nikakaa siku mbili siwezi kucheka. Na ule mti Van Damme anaoupiga mateke mpaka unakatika, mimi nilitafuta wa kwangu: mpapai wa mama mwenye nyumba. Mpapai ukabaki wima, mguu ukavimba, kodi ikapanda.

Kiingilio shilingi 50. Mfukoni nina hela ya mafuta ya taa niliyotumwa dukani. Nikapiga hesabu zangu za shetani: chupa ikipungua vidole viwili, nani atajua? Nikaingia.

Mkanda ukaanza. Anatokea kijana mmoja hatumfahamu, anaitwa David Sloane, kumbe kwenye hadithi ni mdogo wake Van Damme. Sawa, tukamvumilia, steringi, yaani mchezaji mkuu, naye ana ndugu. Dakika zinakwenda, Van Damme hayupo. Watu wakaanza kuguna. Mwenye banda, bila hata kugeuza shingo, akasema: "Tulieni wanangu, steringi yuko njiani."

Tukatulia. Wajuzi wa benchi la mbele wakaanza kutufafanulia. Mmoja anasema yuko msituni anajifua. Mwingine anasema atashuka na helikopta mwishoni, yeye ameshaisikia kwa kaka yake anayekaa Ilala. Mimi nikamwamini huyo wa Ilala.

Kumbe mwenzetu kafa! Yeye na kaka yake Eric, wote wawili wameshauawa na Tong Po, yuleyule Tong Po aliyechezea kichapo kwenye ya kwanza hadi akalala chini. Wala Van Damme mwenyewe hayumo kabisa humo ndani.

Aliyekulia kwenye televisheni ya sebuleni kwao hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Banda la video lilikuwa na sheria moja tu: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe ghorofani, afungwe kwenye reli na treni inakuja, mtoto akilia mkubwa anamwambia, "Acha ujinga, huyo si steringi?" Tulitukanwa humo, tuliumwa na kunguni, tulinusa makwapa ya watu wazima, lakini hiyo sheria ilikuwa imara kuliko nguzo za banda. Siku hiyo steringi kafa. Tena kafa kabla sisi hatujalipa! Tunaletewa taarifa tu, kama msiba wa jirani aliyehama zamani.

Ndala ziliruka. Mwenye banda akakataa kurudisha kiingilio: "Mbona mapigo yamo? Mmekuja kuangalia mapigo au kuangalia mtu?" Swali gumu lile, mpaka leo sina jibu. Nikarudi nyumbani na chupa pungufu.

Mama kaiinua kwenye mwanga. "Ulikuwa wapi?"

"Mama, Van Damme kafa."

Akashtuka, akaishusha chupa. "Maskini. Ndiyo nani huyo, wa kwa mama Shida?"

Nilipoeleza ndiyo nikauona mwiko.

Nimekua, nikadhani wale watu watakuwa wameona aibu wakaacha. Thubutu! Wametoa mpaka ya tano, mwaka 1995, na humo yule David niliyemvumilia kwa taabu naye wanamuua, hadithi wanaipeleka Afrika Kusini, anashika usukani Mark Dacascos, hata ukoo hawahusiani. Ndugu watatu wa tumbo moja, wameisha. Ukoo wa hivyo huku kwetu ungekaa kikao zamani sana, vijana waambiwe ngumi basi, fugeni kuku. Na Tong Po je? Kwenye ya nne, ya mwaka 1994, yuko zake Meksiko anauza madawa ya kulevya na jumba analo. Kweli dunia haina haki. Van Damme wamekuja kumrudisha mwaka 2016, walipoianza hadithi upya, tena kama mwalimu. Miaka 27 baadaye! Hiyo ndiyo safari ya "yuko njiani".

Ila Van Damme angalau yu hai, anaweza kujisemea. Ninayemwonea huruma ni Bruce Lee. Kafariki tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, kaacha vipande vya sinema ambayo hakuimaliza: yumo na ile nguo yake ya njano, anapambana na Kareem Abdul-Jabbar, mcheza kikapu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, mtu mmoja kama nguzo ya umeme. Ungedhani watavihifadhi kwa heshima. Wapi! Mwaka 1978 wakaitoa Game of Death. Ngumi za Bruce Lee mwenyewe ni kama dakika 11 hivi, kwingine kote wanapita watu waliofanana naye, na miwani mikubwa, wanageuza migongo kama wanaodaiwa. Kuna sehemu mtu amekaa mbele ya kioo, na kwenye kioo wamebandika picha ya uso wa Bruce Lee. Wamebandika! Kama picha ya paspoti kwenye fomu. Halafu wakachukua picha za mazishi yake halisi, marehemu kwenye jeneza, wakazitia ndani ya hadithi. Sisi huku mtu akipiga picha msibani shangazi wanamtoa nje, wao wanauzia tiketi.

Na wakatoa ya pili yake, 1981. Humo steringi anafia katikati, mdogo wake anaingia kulipa kisasi. Mdogo wake tena! Hawa watu wa sinema, hadithi ikiwakwama wanaenda kugonga nyumbani kwa steringi: "Hodi, hakuna mdogo wake hapa?"

Watayilandi nao wana yao. Tony Jaa, kijana anayeruka kama mwiba umemchoma, mwaka 2005 kaibiwa tembo. Sinema nzima anazunguka Australia anavunja watu mikono, yuko wapi tembo wangu, yuko wapi tembo wangu. Tukalia naye, tembo akapatikana. Ya pili ikatoka 2013. Unajua kimetokea nini? Kaibiwa tena tembo. Yuleyule! Mimi nikiibiwa kuku mara moja naweka kufuli na kopo la kupiga kelele. Wewe tembo mzima anatolewa nyumbani kwako mara mbili, hapo tatizo si wezi.

Huyohuyo Tony Jaa, ile ya Ong-Bak nayo, ya kwanza wanasaka kichwa cha sanamu kilichoibwa kijijini, mambo ya siku hizi, bajaji zinagongana. Nafungua ya pili ya mwaka 2008, nakuta tuko karne ya 15, watu na mapanga, wafalme, mamba. Nikadhani nimeuziwa nyingine. Ngumi nzuri, sitaki kusema uongo. Lakini mwisho steringi anakamatwa, anapelekwa kuteswa, halafu inatoka sauti inasema pengine atapata njia ya kukwepa kifo. Pengine! Hilo ni neno la fundi cherehani siku moja kabla ya Idi.

Kuna wenye adabu zao. Jackie Chan alikaa miaka 16 ndipo akaitoa ya pili ya Drunken Master, 1994, na kuna watu wanaapa ni bora kuliko ya kwanza. Mimi nimo kwenye hao. Huyo tumwache na amani yake.

Sasa Jumamosi iliyopita nikasema mwanangu amefika miaka kumi, ni wakati amjue Van Damme. Nikaenda kwa kijana anayejaza sinema kwenye flashi pale kituoni. Nikamwambia niwekee Kickboxer. Akaniuliza, "Mzee, ya Van Damme?" Nikamwambia ndiyo, ya Van Damme, ile ya nazi. Akaweka, nikalipa buku.

Nyumbani nikapanga viti. Dogo kaleta wenzake watatu wa nyumba ya pili, nimewatangazia tangu asubuhi, nimewaonyesha mpaka kovu la mpapai. Taa tukazima. Sinema ikaanza. Anatokea kijana mmoja namfahamu vizuri sana.

Nikanyamaza. Ningesema nini? Watoto wanne wamekaa mkekani midomo wazi. Dakika kumi, ishirini. Dogo akageuka.

"Baba, huyu ndiyo Van Damme?"

"Hapana mwanangu."

"Sasa Van Damme yuko wapi?"

Nikakohoa. "Tulia. Yuko njiani."

Mama watoto akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Nani yuko njiani? Mbona hukusema mapema, wali wenyewe nimepika nusu kilo!"